Jinsi ya kuomba ubingwa wa tiba ya dharura Marekani ukiwa umesomea udaktari nje ya nchi hiyo

Madaktari watarajali na wanafunzi wa miaka ya mwisho wamekuwa wakiuliza swali moja bila kukoma: je, ni kweli kwamba ubingwa wa tiba ya dharura nchini Marekani umekuwa rahisi kupata, hata kwa aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Lubumbashi? Mara nyingi anayeuliza ameona takwimu moja tu, ile ya Machi 2023, ambapo nafasi 554 kati ya 3,010 za fani hiyo zilibaki bila mtu katika Match, yaani mfumo wa kitaifa unaowalinganisha waombaji na programu za mafunzo.

Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini isome pamoja na jirani zake. Mwaka 2022 zilibaki nafasi 219. Mwaka 2024 zikabaki 135. Mwaka 2025 zikabaki 65 tu kati ya 3,068. Wanafunzi wa Kimarekani waliikimbia fani hii kwa muda, baada ya janga la korona kuwachosha wahudumu wa dharura na baada ya ripoti ya mwaka 2021 kukadiria kwamba kufikia 2030 nchi hiyo ingekuwa na mabingwa wa dharura wa ziada wapatao 8,000, kisha wakarudi. Katika muda wote huo programu hazikuacha kudai barua maalumu ya tathmini, wala zile zisizodhamini viza hazikuanza kuzidhamini kwa sababu tu zilikuwa na viti vitupu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwa mhitimu wa nje fani hii ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye takwimu za nafasi zilizobaki, na ugumu wenyewe hauko hasa katika alama za mtihani. Uko katika barua na viza. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata ukweli huo, ili usitumie fedha za miaka 3 kabla ya kujua kama vikwazo hivyo viwili unaweza kuvivuka.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na vyeti vyote vyenye majina yaliyoandikwa kwa namna moja.
- Shahada kamili ya udaktari, au barua ya chuo inayothibitisha kwamba bado ni mwanafunzi na mwaka uliomo.
- Usajili katika baraza la madaktari la nchi yako, ikiwa umemaliza utarajali, pamoja na uwezo wa kupata barua ya mwenendo mwema kutoka baraza hilo.
- Akiba ya dola elfu kadhaa kwa mitihani, uthibitisho wa vyeti, safari na maombi. Asiyekuwa nayo na aanze kwa kuikusanya, kwa sababu kukwama katikati kunagharimu zaidi ya kuchelewa kuanza.
- Miaka 2 hadi 3 ya subira, na mtu wa kukwambia ukweli kuhusu maandishi yako.

Hatua ya 1: Hakiki chuo chako na jina lako

Fungua World Directory of Medical Schools, utafute chuo chako, na usome maelezo yanayoihusu ECFMG, taasisi inayowathibitisha wahitimu wa nje ya Marekani na Kanada. Chuo kisipokuwa na maelezo yanayoruhusu mwaka wako wa kuhitimu, hakuna hatua nyingine ya kufanya hadi jambo hilo litatuliwe.

Kisha tazama majina. Hapa kwetu si ajabu mtu kuwa na jina la ubatizo kwenye cheti cha kidato cha nne, jina la babu kwenye pasipoti, na mpangilio wa tatu kwenye shahada. ECFMG hailichukulii hilo kama jambo dogo. Rekebisha kwa hati ya kisheria ya jina kabla ya kufungua akaunti yoyote, kwa kuwa kurekebisha baadaye huchukua miezi. Waliosoma kwa Kifaransa, kama vile Bujumbura au Lubumbashi, waandae pia tafsiri rasmi za vyeti vyao. Kumbuka vilevile kwamba hati ya muda ya matokeo haitoshi. Inatakiwa shahada yenyewe.

Hatua ya 2: Amua suala la viza kabla ya kulipia mtihani wa kwanza

Wengi huliacha hili hadi mwisho, na ni kosa. Ikiwa una uraia wa Marekani au green card, ruka hatua hii na umshukuru Mungu, kwani umevuka kikwazo kinachowarudisha wengi.

Ikiwa huna, njia ya kawaida ni viza ya J-1, ambayo ECFMG yenyewe huidhamini. Ili kuipata utahitaji cheti cha ECFMG, mkataba wa programu, na barua ya wizara ya afya ya nchi yako inayosema kwamba taifa linahitaji wataalamu wa fani unayokwenda kusomea. Fuatilia mapema namna wizara inavyotoa barua hiyo, nani huitia saini na huchukua wiki ngapi. Viza hii inakutaka urudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha. Msamaha unaojulikana zaidi ni ule wa Conrad, ambao kila jimbo linaweza kuutoa kwa madaktari 30 kwa mwaka wanaokubali kufanya kazi miaka 3 katika maeneo yenye upungufu. Lakini majimbo mengi hutanguliza madaktari wa tiba ya msingi, na mabingwa wa dharura husubiri nyuma yao. Aliye na J-1 haruhusiwi pia kufanya zamu za ziada za kulipwa nje ya programu, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika.

Njia ya pili ni H-1B. Hii hudai uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari ya Marekani, na tangu Septemba 2025 kuna amri ya rais inayotoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Usijenge mpango wako juu ya viza hiyo.

Tahadhari: amri za mwaka 2025 ziliwawekea raia wa nchi kadhaa vikwazo vya kuingia Marekani, Burundi ikiwemo, na katika amri hiyo J-1 ilitajwa waziwazi. Orodha ya nchi hubadilika. Isome upya kabla ya kila malipo makubwa, wala usitegemee uliyoyasikia mwaka jana.

Hatua ya 3: Fanya mitihani mara moja, na uifanye vizuri

Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, imekuwa ya kufaulu au kufeli tu tangu Januari 2022, hivyo uzito wote wa alama umehamia mtihani wa pili, Step 2 CK. Alama ya kufaulu Step 2 CK ilipandishwa kutoka 214 hadi 218 mwezi Julai 2025, lakini kufaulu si lengo lako. Unashindana na watu waliofaulu kwa mbali. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upandishe alama, kwa hiyo usiingie chumba cha mtihani kwa sababu tu tarehe imefika. Majaribio yana kikomo cha manne kwa kila mtihani, na kufeli mara moja hubaki kwenye rekodi yako daima.

Mtihani wa Kiingereza cha kitabibu, OET, unadai angalau 350 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 katika kuandika. Anayefanya kazi kwa Kiingereza kila siku huudharau, kisha hushangazwa na sehemu ya kuandika. Pamoja na huo, utachagua mojawapo ya njia za ECFMG za kuthibitisha ujuzi wa kumhudumia mgonjwa. Aliyekwisha kusajiliwa kufanya kazi bila usimamizi katika nchi yake kwa kawaida huanza kwa kuangalia njia ya kwanza.

Tahadhari nyingine haina msamaha: usinunue wala kusambaza maswali yaliyokaririwa na waliotangulia. Januari 2024 waendeshaji wa mtihani walifuta matokeo ya kundi la watahiniwa waliohusishwa na Nepal kwa sababu hiyo, na wapo waliopoteza kila walichokuwa wamejenga.

Hatua ya 4: Itafute barua ya SLOE

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

SLOE, ambayo wenyewe huitamka "slo", ni barua sanifu ya tathmini inayotumiwa na fani ya dharura. Haifanani na barua za sifa tulizozoea. Ina maswali yaliyopangwa, inakulinganisha na wanafunzi wengine waliopita pale pale, na kwa kawaida huandikwa na viongozi wa programu ya ubingwa kwa pamoja baada ya kukuona ukihudumia wagonjwa kwa takriban wiki 4. Mkurugenzi wa programu anapofungua maombi yako, huiangalia mapema kuliko karibu kitu kingine chochote. Barua nzuri ya bingwa wa upasuaji wa nyumbani, hata ikijaa sifa kurasa 3, haichukui nafasi yake.

Ugumu ni kwamba ili upate SLOE yenye uzito lazima ufanye mzunguko wa vitendo katika idara ya dharura ya hospitali yenye programu ya ubingwa, na mizunguko hiyo hutolewa hasa kwa wanafunzi. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwanafunzi wa udaktari ni mkali: ikiwa chuo chako kina kipindi cha elektivu, yaani mafunzo ya vitendo unayojichagulia mahali pa kuyafanyia, usikitumie kupumzika. Andika kwa idara za dharura za vyuo vinavyopokea wanafunzi wa nje mwaka mmoja kabla, uliza waziwazi kama mwanafunzi wa kimataifa hupewa SLOE mwishoni, na ulize kuhusu bima, chanjo na ada. Swali la SLOE usiliogope. Wao hulisikia kila siku.

Aliyekwisha kuhitimu ana milango michache. Zipo hospitali zinazopokea wahitimu kwa vitendo, lakini ni chache na nyingi hutoza ada kubwa. Kilicho rahisi kupatikana ni kuwa mtazamaji, yaani kusimama nyuma ya daktari bila kumgusa mgonjwa. Utazamaji hukufundisha mfumo na hukupa watu wa kukufahamu, ila hautoi SLOE yenye nguvu, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutathmini kazi ambayo hukuruhusiwa kuifanya. Kabla ya kumlipa wakala yeyote anayeahidi "mzunguko wa Marekani", mwombe akuandikie mambo matatu: kama utagusa wagonjwa, kama idara ina programu ya ubingwa, na nani hasa atatia saini tathmini. Akikwepa swali moja, weka fedha zako.

Upo pia mtaji wa nyumbani ambao wengi hawautumii. Idara ya dharura ya hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya uzamili ya fani hiyo katika MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, yakaanza mwaka huohuo. Chuo Kikuu cha Rwanda kilifuata mwaka 2013. Katika idara kama hizo hupita mabingwa waliosomea Marekani au wenye ushirikiano na vyuo vya huko. Fanya kazi pale, fanya utafiti mdogo unaokamilika, na uombe barua kwa mtu aliyekuona ukiongoza ufufuaji wa mgonjwa usiku. Haitakuwa SLOE, lakini itasomwa na mtu anayejua kwamba mwandishi anafahamu viwango vya pande zote mbili.

Ukishaingia kwenye mzunguko, badilisha namna ya kuwasilisha mgonjwa. Sisi tumefunzwa kwenye raundi za wodini, tukianza na historia ndefu na kumalizia na uchunguzi wa mfumo kwa mfumo. Katika idara ya dharura ya Marekani msimamizi anataka ndani ya dakika 2 au 3 ajue mgonjwa amekuja na nini, ni magonjwa gani yanayoweza kumuua leo na umeyaondoa vipi, unapendekeza nini, na je, analazwa au anarudi nyumbani. Hilo la mwisho ndilo wageni husahau. Rudi kwa mgonjwa bila kutumwa, umwambie msimamizi kilichobadilika. Katikati ya mzunguko uliza ni kipi cha kurekebisha, kwa maana aliyekosolewa wiki ya pili bado ana muda, naye aliyekosolewa siku ya mwisho hukutana na ukosoaji huo ndani ya barua. Omba SLOE kabla hujaondoka, na ukubali kutoisoma. Barua ambayo mwombaji ana haki ya kuiona hupungua thamani.

Hatua ya 5: Chagua programu kwa kuchuja, si kwa kutamani

Tumia EMRA Match na FREIDA, orodha za mtandaoni za programu za ubingwa, kuchuja programu kwa maswali haya, kwa mpangilio huu: je, hudhamini J-1? Je, kati ya madaktari walio kwenye mafunzo sasa yupo aliyesoma nje ya Marekani? Je, huweka kikomo cha miaka tangu kuhitimu? Je, hudai SLOE ngapi? Swali la pili ndilo lenye ukweli mwingi kuliko yote, kwa sababu programu inaweza kuandika kwamba inawakaribisha wahitimu wa nje, kumbe waliomo wote ni raia wa Marekani waliosomea visiwa vya Karibi. Tazama ukurasa wa madaktari wao mmoja mmoja.

Kosa la kawaida ni kutuma maombi kwa programu zote. Maombi 40 yaliyochujwa yana faida kuliko 150 yaliyotupwa, na fedha zinazobaki zinaweza kulipia mzunguko mwingine.

Hatua ya 6: Tuma maombi katika mifumo iliyo sahihi

Kuanzia msimu wa 2025–2026, programu za tiba ya dharura zilihama kutoka mfumo wa kutumia maombi wa ERAS kwenda ule wa ResidencyCAS. Magonjwa ya ndani, ambako wahitimu wa nje hupata nafasi kwa wingi zaidi, yamebaki ERAS. Anayeomba fani zote mbili ana mifumo miwili, ada mbili na barua za kupakia mara mbili. Aidha, kutuma maombi hakukuingizi kwenye Match. Ni lazima ujiandikishe peke yake NRMP, shirika linaloendesha Match, na kila mwaka yupo anayegundua hili akiwa amekwisha kufanya usaili.

Je, uombe fani ya pili? Kwa mhitimu wa nje asiye na uraia, mimi nasema ndiyo, isipokuwa una SLOE mbili nzuri. Mwaka 2024, kwa fani zote zikijumlishwa, waombaji wa aina hii waliopata nafasi ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 58.5, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya MD vya Marekani walikuwa asilimia 93.5. Andika maelezo binafsi mawili tofauti kabisa, na uhakikishe kila moja linakwenda linakostahili. Ujue pia kwamba ubingwa wa magonjwa ya ndani hautakufanya bingwa wa dharura baadaye. Bodi ya fani hii hudai mafunzo ya fani hii.

Katika maelezo binafsi, acha kisa cha utotoni cha jirani aliyefia njiani akipelekwa hospitali. Wasomaji wamekisoma mara nyingi mno. Eleza zamu moja, uamuzi mmoja, na ulichokosea.

Hatua ya 7: Usaili na orodha ya chaguo

Usaili huanza Oktoba na huisha karibu na Januari, mara nyingi kwa video. Andaa umeme wa akiba na intaneti ya pili, na uhesabu tofauti ya saa kwa makini, kwani Marekani hubadilisha saa zake mwanzoni mwa Novemba. Watakuuliza kuhusu kazi yako ya sasa. Eleza idadi ya wagonjwa, vifaa mlivyo navyo na mlivyokosa, bila kulalamika na bila kujitukuza.

Katika orodha, panga programu kwa jinsi unavyozipenda kwa dhati. Kanuni ya Match huanzia kwenye chaguo la mwombaji, hivyo kuitanguliza programu unayodhani "itakuchukua" hakukupi faida yoyote. Usiorodheshe mahali ambapo usingekubali kwenda, maana matokeo ni mkataba unaokufunga.

Hatua ya 8: Wiki ya Match

Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi utaambiwa kama umepata nafasi, na Ijumaa utaambiwa ni wapi. Ukikosa, Jumatatu hiyohiyo unaingia SOAP, mzunguko wa nafasi zilizobaki, ambamo unaruhusiwa maombi yasiyozidi 45. Andaa nyaraka za SOAP mwezi Februari, hata kama una matumaini makubwa. Usimpigie simu mkurugenzi wa programu kabla hajakutafuta. Ni kuvunja kanuni.

Matatizo ya mara kwa mara

*Septemba imefika na sina SLOE hata moja.* Kama mzunguko umepangwa Oktoba, tuma maombi sasa na utaje tarehe ya barua kufika. Kama hakuna mzunguko kabisa, ahirisha fani hii kwa mwaka mmoja au omba nyingine.

*Novemba inakwisha na sina mwaliko wa usaili.* Andikia programu chache zilizowahi kuchukua wahitimu wa nje, kwa sentensi 5, ukieleza jambo jipya tu: barua iliyoingia, Step 3 iliyofaulu, andiko lililokubaliwa. Kama hakuna jipya, usiandike.

*Nilifeli Step 1 mara moja.* Nafasi haijafa, ila programu nyingi zitakuchuja kwa mashine kabla mtu hajakusoma. Utahitaji Step 2 CK ya juu na watu wanaokufahamu kwa kazi.

*Nimehitimu miaka 8 iliyopita.* Miaka yenyewe si tatizo kubwa kama pengo lisilo na wagonjwa. Onyesha kazi ya kitabibu isiyokatika, hasa ya idara ya dharura.

*Chuo changu hakijibu ECFMG.* Barua pepe haitoshi. Nenda kwenye ofisi ya msajili ukiwa na nakala ya ombi, ujue jina la karani anayeshughulikia, na urudi kila wiki hadi ijibiwe.

*Nimepata nafasi lakini viza imekwama, na mafunzo huanza Julai 1.* Iarifu programu siku hiyohiyo kwa maandishi, pamoja na ECFMG ikiwa ni J-1, na uwatumie kila karatasi ya ubalozi unayopewa. Baadhi ya programu hukubali kuchelewa kwa wiki kadhaa. Zingine huomba NRMP iwaondolee mkataba. Usijiondoe mwenyewe kabla hujazungumza nao, kwa kuwa kuvunja mkataba wa Match bila ruhusa kunaweza kukufungia msimu unaofuata.

*Nina ubingwa wa dharura kutoka nyumbani tayari.* Kwa bodi ya Marekani utaanza mafunzo upya, miaka 3 au 4. Ukiwa na kazi nzuri Muhimbili au Kigali, piga hesabu hiyo kwanza, kisha rudi kwenye hatua ya 2.